Umesoma hadithi za upelelezi maisha yako yote, sasa andika ya kwako

Kuna watu wengi sana wanapenda hadithi za upelelezi, wamezisoma tangu shule ya msingi, vile vitabu vya kuazimana mpaka jalada limetoka, na siku wanapoamua kuandika ya kwao wanakaa chini wanaanza na maiti, bastola na mpelelezi mwenye koti refu, kurasa ishirini mbele wamekwama hawajui nani kaua. Huu mwongozo ni wa hao. Mimi naamini kabisa kwamba yale mapenzi ya miaka yote ndiyo shule yenyewe, ila lazima ujue hasa unachokipenda ni nini, maana sio damu wala sio risasi. Ni ule uaminifu wa mwandishi. Kakuwekea kila kitu mezani, hajakuficha hata kimoja, na bado kakushinda. Ukiweza kumfanyia msomaji wako hivyo basi hadithi yako imesimama, hata kama humo ndani hajafa mtu.

Hatua ya 1: Rudia kitabu unachokipenda, ila anzia mwisho

Chagua kimoja tu, kile ambacho ukikitaja macho yanang'aa. Soma sura ya mwisho kwanza, mkumbuke mhalifu na alivyofanya, halafu rudi ukurasa wa kwanza na penseli mkononi na upige mstari chini ya kila sentensi iliyokuwa inakwambia ukweli wakati wewe unapita tu. Zitakuwa nyingi kuliko unavyodhani. Kwenye daftari andika kidokezo chenyewe, kiko ukurasa gani, kimefichwaje, na kimekuja kufunuliwa wapi.

Hapo kwenye "kimefichwaje" ndo pa kukaa sana. Utaanza kuona tabia zinajirudia: kidokezo kimewekwa katikati ya orodha ya vitu vingine vya kawaida, au kimesemwa na mtu ambaye tulishaambiwa ni mropokaji kwa hiyo hatumsikilizi, au kimekuja mstari mmoja kabla ya mlango kupigwa teke na wewe akili yote ikakimbilia mlangoni. Na mara nyingine kimevaa sura ya wema, mtu anamfanyia mwenzake hisani, nani atashuku hisani?

Kama hujui uanze na kipi, anza na Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, kilichotoka 1960. Usikisome kama kitabu cha mtihani, kisome kama fundi anayefungua mashine ya fundi mwenzake. Mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake, na mwenzake Najum pembeni, ukiwaona tu unajua Abdulla alikuwa amemsoma Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa London wa mwandishi Arthur Conan Doyle, ambaye alianza kutoka 1887. Lakini angalia alichokifanya na hayo mapenzi yake. Hakuileta London Unguja. Alichukua jicho la kuangalia vitu vidogo, akaliweka kwenye mashamba, kwenye barza, kwenye hofu za watu kuhusu mizimu, kwenye mazungumzo ya Kiswahili ambayo mtu anasema jambo kwa kulizunguka. Halafu soma Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya 1965, uone mwendo mwingine kabisa, huko anayefuatilia ni inspekta wa polisi na mambo yanakwenda mbio. Waandishi wawili, miaka mitano tu katikati, na kila mmoja kaona njia yake. Wewe nawe unayo ya kwako.

Hatua ya 2: Andika ukweli kwanza, wote, kabla ya hadithi

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo inayowaangusha. Kabla hujaandika sura ya kwanza, andika kurasa mbili tatu za kilichotokea kweli, moja kwa moja, bila fumbo, kwa upande wa mhalifu. Alitaka nini, aliamua lini, alifanya nini saa ngapi, nani alimuona, alisahau nini. Hakuna atakayeisoma, ni yako. Hadithi ya upelelezi kwa kweli ni hadithi mbili, moja imeshatokea na imefukiwa, nyingine ni ya watu wanaoifukua, na huwezi kuandika ya pili kama ya kwanza huijui.

Ntakupa mfano nitakaoutumia mpaka mwisho. Kijiji cha pwani, tuseme upande wa Tanga. Kuna kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana pesa, cha kina mama na wababa wachache, wana sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na kama ilivyo kawaida ya vikundi hivi funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne. Siku ya mgao, sanduku linaletwa mbele ya wanachama wote, kufuli zote tatu nzima, hazijaguswa, wenye funguo wote wapo, linafunguliwa, ndani kuna magazeti yaliyokunjwa. Wazungu wamejenga utamaduni mzima wa vyumba vilivyofungwa kwa ndani, tangu Edgar Allan Poe 1841 mwandishi anauliza muuaji alitokaje humo, na sisi tunalo sanduku la kikoba! Kila mwanachama wa kikoba akisoma sura hiyo moyo unamwenda mbio, kwa sababu pesa yake iko humo.

Ukweli uliofukiwa: mtunza sanduku alikuwa na deni la mashine ya boti. Hakugusa kufuli. Alizigonga pini za bawaba kwa nyuma zikatoka, akafungua sanduku kwa mgongo, akachukua, akaweka magazeti ili uzito na mtikisiko usishtue mtu, akarudisha pini. Rangi ikabanduka pale kwenye bawaba. Kwa hiyo wiki ya mgao akalipaka sanduku lote rangi mpya ya kijani, akaandika na jina la kikundi kwa mbele. Watu wakampigia makofi.

Umeona hiyo rangi? Ndo kidokezo chetu kikubwa, na kinaingia sura ya pili kama wema.

Hatua ya 3: Fumbo litoke unapoishi

Agatha Christie, mwandishi Mwingereza wa hadithi hizi, wakati wa vita ya kwanza ya dunia alifanya kazi kwenye chumba cha dawa hospitalini kule kwao Torquay, na ndo maana sumu kwenye vitabu vyake zinafanya kazi kama sumu kweli, kuanzia riwaya yake ya kwanza ya 1920. Hakukaa akatafuta kitu cha kigeni, alitumia alichokishika kwa mikono yake kila siku. Sasa jiulize wewe unajua nini ambacho msomaji wa kawaida hakijui mpaka umwambie.

Kwa mtu wa pwani, bahari yenyewe ni saa. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa mpaka kupwa ni saa sita na dakika kidogo, na kila siku nyakati zinasogea mbele kama dakika hamsini. Bamvua, yale maji makubwa yanayojaa sana na kupwa sana, linakuja mwezi mchanga na mwezi mpevu, na pwani yetu hii, kuanzia Tanga mpaka Unguja na Dar, siku za bamvua maji yanajaa kwenye saa kumi hivi, ya alfajiri na ya jioni, na yanakauka kwenye saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Mvuvi yeyote analijua hili hata umwamshe usingizini. Basi mpe mtunza sanduku maneno haya: "Usiku ule mi nilikuwa baharini, nimerudi saa nne, mbalamwezi inawaka kama mchana, nikaleta chombo mpaka chini ya mnazi nikafunga kamba." Inasikika vizuri, tena ina uzuri wake. Msomaji anaona mbalamwezi anapita. Lakini mwezi mpevu, saa nne usiku, maji yako mbali kule, chini ya mnazi kuna mchanga mkavu tu, chombo kingefikaje? Hujamficha msomaji kitu, umempa mwezi, umempa saa, umempa mnazi. Na mzee mvuvi anayesikiliza pale barazani ananyamaza, na wewe unaandika tu kwamba mzee alinyamaza.

Hili sio jambo la vitabuni tu. 1858 Abraham Lincoln, kabla hajawa rais wa Marekani, alimtetea mtu wa kesi ya mauaji kwa kutumia almanaka, kitabu cha kalenda chenye nyakati za mwezi: shahidi alisema aliona kwa mwanga wa mwezi uliokuwa juu, Lincoln akaonyesha saa ile mwezi ulikuwa umeshashuka karibu kuzama. Mteja wake aliachiwa. Kwa hiyo ukitumia mwezi na maji hakikisha umecheki kalenda ya mwezi na jedwali la maji ya mwaka unaouandika, maana kuna wasomaji watakwenda kucheki na ni haki yao.

Mengine ya kwetu yanayosubiri mwandishi:

Saa. Mtu anasema "nilimuona saa mbili" na meseji ya kutuma pesa kwenye simu imeandika 8:05 PM, ni kitu kimoja. Sasa weka mgeni asiyezijua saa za Kiswahili, anachukua maelezo, anaandika 2:00, na ratiba nzima ya kesi inapinda kwa saa sita. Ila jiandae, msomaji wa Kiswahili atalinusa hili haraka, kwa hiyo litumie kama kosa dogo la katikati, usiliweke kuwa ufunguo wa kesi.

Majina. Mtaa mmoja una Baba Asha wawili, mmoja wa damu mmoja wa kulea. Ushahidi wa sikio, "nilisikia anaitwa Baba Asha", unaweza kumpeleka ndani asiyehusika.

Na mazishi. Hapa nataka tukae kidogo kwa sababu sioni watu wakipatumia inavyostahili. Kwa Waislamu maiti haikawizwi, mtu kafa asubuhi alasiri kazikwa, kwa hiyo kwenye hadithi ya kifo mpelelezi wako ana saa chache tu, na kufukua kaburi baadaye ni mpaka amri ya mahakama, achilia mbali uchungu wa familia. Lakini kuna watu wameuona mwili kuliko daktari yeyote, nao ni walioosha. Na muosha maiti ana amana, aliyoyaona kwa marehemu anatakiwa ayasitiri. Sasa fikiria mama mtu mzima, muosha maiti wa mtaa kwa miaka, kaona alama shingoni, na dini yake na heshima yake vinamwambia anyamaze, na binti ya marehemu kaja kukaa mbele yake analia. Hapo una sura nzima ambayo haihitaji risasi hata moja, na ukiiandika iandike kwa adabu, huyo mama usimfanye kituko, ana sababu nzito pande zote mbili.

Hatua ya 4: Vidokezo, na namna ya kupoteza watu maboya bila kuwadanganya

Toa karatasi, andika vidokezo vitano sita ambavyo mtu makini akivikusanya anapata jibu. Sio kumi na tano. Kwa kikoba chetu: rangi mpya, mbalamwezi na mnazi, mashine ya boti ambayo deni lake halidaiwi tena mtaani, magazeti ndani ya sanduku yana tarehe za mwezi fulani, na mtoto aliyetumwa dukani kununua rangi siku moja kabla ya mkutano. Kila kimoja kipangie sura yake, na kila kimoja kipe kazi nyingine pale kilipo. Rangi inakuja kwenye sura ya furaha ya maandalizi, kazi yake ya nje ni kuonyesha kikundi kinavyojivunia. Mtoto wa rangi anakuja kuchekesha kidogo kwa sababu alirudi na chenji pungufu. Kidokezo kisichokuwa na kazi nyingine kinajitangaza chenyewe, msomaji anakiona kimekaa peke yake anajua hiki kimewekwa.

Kuna kidokezo cha aina ya peke yake, cha kitu ambacho hakikutokea. Doyle ana hadithi ya 1892 ambapo usiku wa tukio mbwa hakubweka, na huko kunyamaza kwa mbwa ndo kunasema aliyeingia ni mtu wa pale pale. Hii tafuta ya kwako. Kwenye kijiji chetu, sanduku likikutwa na magazeti wanachama wote wanalia, wanapiga kelele, wanahesabu hasara zao kwa sauti, mmoja tu hasemi amepoteza shilingi ngapi.

Kupoteza maboya kupo na ni halali, ila kuna mpaka. Mtu mwingine anaweza kuwa na siri inayomfanya aonekane mwizi, mfano mmoja wa wenye funguo alimpa ufunguo wake hawara yake amtunzie, anahangaika kuificha aibu hiyo, na kila akihojiwa anatetemeka. Hiyo ni safi kwa sababu siri yake ni ya kweli na mwisho itafunuliwa. Usichoweza kufanya ni msimulizi wako mwenyewe kusema kitu cha uongo kama ukweli. Mhusika adanganye anavyotaka, wewe usidanganye.

Hatua ya 5: Mtafute mtu mwenye ruhusa ya kuingia nyumbani kwa watu

Mpelelezi sio lazima awe polisi, na kwa maoni yangu kwa kitabu cha kwanza ni bora asiwe. Tafuta mtu ambaye kazi yake inamwingiza kila nyumba na hakuna anayemwona kama tishio. Nesi wa zahanati (kwa kikoba chetu tumchukue huyu), fundi cherehani anayejua vipimo vya nusu ya mtaa, muuza maziwa wa asubuhi, katibu wa msikiti, mjumbe. Doyle alimpata Holmes kwa kumwangalia mwalimu wake wa udaktari Edinburgh, Joseph Bell, ambaye alikuwa anamtazama mgonjwa anavyoingia tu anataja kazi yake na alikotoka. Yaani chanzo kilikuwa mtu aliye hai. Na wewe unaye mtu wa namna hiyo, shangazi yako mmoja anayejua nani kagombana na nani kwa kuangalia kamba ya kuanikia nguo, chukua jicho lake, jina badilisha.

Halafu mpe mwenzake. Msidharau kina Najum jamani, mwenza ndo anauliza maswali ambayo msomaji anataka kuuliza, na macho yake yanaona kila kitu bila kuelewa, ndo maana hadithi ikisimuliwa kwake inabaki ya haki.

Hatua ya 6: Polisi wakiingia, waingie inavyokuwa kweli

Fupi tu. Tanzania mtu akienda kuripoti kituoni anapewa namba ya RB, yaani ya taarifa yake, akiwa amejeruhiwa anachukua PF3, fomu ya polisi, aende nayo hospitali, Kenya utasikia namba ya OB na fomu ya P3 kwa kazi hizo hizo. Sampuli za sumu na vinasaba Tanzania zinakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, hazijibiwi palepale mbele ya maiti kama kwenye muvi. Hivi vitu vidogo vikiwa sahihi msomaji anakuamini kwenye vikubwa. Na kuchelewa kwa majibu ni zawadi kwako, ni muda wa watu kugombana na kuharibu mambo.

Hatua ya 7: Uchawi na bahati

1929 padri mmoja Mwingereza, Ronald Knox, aliyekuwa mwandishi wa hadithi hizi, aliandika kanuni kumi za mchezo huu. Nyingine zimezeeka ila mbili bado nazishika: mhalifu awe ametajwa mapema kwenye hadithi, na nguvu za ajabu zisiwe jibu. Hii ya pili kwetu ina uzito wa pekee. Watu wa kijijini watasema sanduku limechukuliwa na chuma ulete, ule uchawi wa kuvuta pesa za watu, waache waseme, ni sauti zao na hofu ni ya kweli, na hofu hiyo inaweza kumuumiza bibi mmoja mzee anayeishi peke yake ambaye lawama zote zitamwangukia. Hapo mpelelezi wako ana sababu ya kuharakisha kuliko pesa. Lakini jibu lenyewe liwe bawaba.

Bahati vilevile. Bahati mbaya inaruhusiwa kuanzisha tatizo, ila mpelelezi asipate jibu kwa kusikia watu wakiongea nyuma ya ukuta. Alifanyie kazi.

Hatua ya 8: Sura ya kufunua, na kuipima

Kuwakusanya watu wote ukumbini wamsikilize mpelelezi anaongea kurasa kumi, kwetu kuna kitu bora zaidi, mkutano wa kikundi wenyewe, wenye mwenyekiti, ajenda na watu wa kukatiza. Nesi wetu asihutubie. Aombe sanduku, aombe bisibisi, akwangue rangi ya kijani pale kwenye bawaba mbele ya watu, chini yake mikwaruzo ya chuma itoke. Halafu amgeukie mzee mvuvi amuulize swali moja tu, bamvua lile saa nne usiku maji yalikuwa wapi. Ukiandika hivi msomaji anamaliza kesi mwenyewe nusu sentensi kabla ya mzee kujibu, na hakuna raha kama hiyo kwenye aina hii ya hadithi.

Ukimaliza, tafuta watu watatu wanne wanaopenda upelelezi kama wewe, wape hadithi bila sura ya mwisho. Usiwaulize kama ni nzuri, waulize unamshuku nani, umeanza kumshuku ukurasa gani, na kwa nini. Wakimpata wote sura ya tatu, kuna kidokezo kinapiga kelele, kihamishe au kipe kazi nyingine. Asipompata hata mmoja, wape sura ya mwisho uwaangalie usoni: akishika kichwa na kurudi nyuma kutafuta ukurasa wa rangi, acha hivyo hivyo usiguse, ila akikwambia "sasa hii mi ningejuaje", rudi hatua ya nne, kuna kitu ulikijua wewe na hukumpa.